Kidole Kilichobanwa na Mlango

Kiwandani kwao, kupitisha kipande cha boksi juu ya bomba ili kujua linapovuja lilikuwa jambo la wageni. Mafundi wenyewe walipapasa kwa kidole. Fundi Bomba, mwenye miaka kumi na tisa kwenye pampu za kemikali, ndiye aliyewafundisha wengi wao ujuvi huo, na ndiye aliyepapasa Alhamisi mchana. Akasikia kama mwiba. Alipovua glavu, kidole cha shahada kilikuwa na kitobo kidogo tu, hata damu hakuna.

"Hicho nacho kidonda?" msimamizi alimcheka, kisha akashusha sauti. "Kaka, kesho tunatimiza mwaka mzima bila ajali. Watu wameshafunga mabegi, wiki nzima ya mapumziko tuliyoahidiwa. Ukiandikisha hicho kitobo tunaanza moja upya. Utawatazama vipi?"

Fundi akavaa tena glavu, akarudi kwenye pampu. Yeye ndiye bingwa wa kuwatania waliokimbilia zahanati kwa mikwaruzo.

Kulipokucha kidole kilikuwa kimevimba, cha kijivu, baridi. Mkewe hakuuliza mara mbili. Alimkokota hadi hospitali. Msimamizi, aliyepigiwa simu kuambiwa fundi haji kazini, yuko hospitali, akawakuta huko roho juu, akamuwahi daktari.

"Mlango wa nyumbani ulimbana."

Daktari akakibonyeza kidole. "Kama ni mlango, nitampa dawa ya uvimbe arudi nyumbani. Ni mlango?"

Msimamizi alimkazia macho. Fundi aliwafikiria wenzake arobaini na watoto wao, akaogopa, akajua hana pa kutokea. Akaitikia kwa kichwa.

"Daktari, chumbani kwetu ni pazia," mkewe akasema. "Na mlango wa mbele jana niliufunga mimi. Baba watoto, sema, au nitasema mimi nisichokijua."

"Ni pampu," fundi akasema. "Kemikali, kwa presha. Jana saa nane mchana."

Daktari hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha fundi. Alimwita nesi waandae chumba cha upasuaji. "Ungekuja jana ile ile, ningekipasua na kukisafisha. Kemikali haikukaa kwenye kitobo, ilipanda mkononi."

Msimamizi akatoka bila kuaga. Daktari akachukua kalamu kuonyesha atakapokata. Fundi alikuwa ameshakiaga kidole. Akaunyoosha mkono, akangoja mstari upite chini ya kifundo cha kidole. Kalamu ikapita mbali zaidi, katikati ya kiganja.