Jina la Baba Mkwe

Mangatayaru alijua mapema kwamba ile sinema ingemletea balaa. Wiki tatu hema limesimama karibu na kinu cha mpunga, wiki tatu kijiji kizima kinalizwa na hadithi ile ile: mtoto wa tajiri anapotelea kwenye sikukuu, analelewa na mwenye mkokoteni, anakua, anaimba, anapiga watu ishirini peke yake, mwisho mama anaona kovu kifuani na kumtambua. Na kila aliyetoka hemani alimtupia Mangatayaru jicho la huruma, kwa kuwa naye alipotelewa na mwanawe wa miaka minne kwenye sikukuu ya kuoga katika mto Godavari, miaka kumi na minane iliyopita. Jicho hilo lilimkera kuliko kofi.

Asubuhi ya Alhamisi, Veerraju, mdogo wa marehemu mumewe, akaingia uani na kijana mmoja, nusu ya kijiji ikiwafuata.

"Shemeji, futa machozi! Mwanao nimempata mjini Rajahmundry, anafanya kazi gereji."

Kijana akajitupa miguuni pake. "Mama!" Akafungua shati. Kovu la mafuta ya moto, kifuani, upande wa kushoto, pale pale palipotakiwa. Wanawake wakaangua kilio.

Mangatayaru alikuwa anatwanga pilipili, na mchi hakuuachia. Lakini tusidanganyane, moyo ulimruka. Aliutamani mkono wa yule kijana hata kabla ya kumtazama usoni.

Hapo ndipo alipoona karatasi mkononi mwa Veerraju, na kidau cha wino.

"Tia dole gumba hapa, mashamba yaandikwe jina la mwanao. Hajui kilimo bado, nitamsimamia mimi."

Ekari tano za mpunga. Ndizo zilizomlisha tangu ujane wake uanze, na Veerraju alizimezea mate tangu siku ya mazishi.

"Ebo! Mtoto hajanywa hata maji, karatasi imeshafika?"

"Una moyo wa jiwe wewe!" sauti ya mwanamume ikatoka umatini. "Mama wa kwenye sinema alizimia!"

"Basi kamlete huyo wa kwenye sinema aje azimie hapa!"

Bibi Appayamma, jirani yake, alikuwa amechuchumaa ukutani na sigara yake ya tumbaku, upande wa moto ndani ya mdomo, kama wavutavyo vikongwe wa huko. "Mwulize jambo, mwanangu," alisema. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawa wamekuja kutazama tu."

Mangatayaru akamwinamia kijana. "Nilipokuwa nakulisha wali na samli, nilikuwa nakuitaje?"

Kijana akamtupia Veerraju jicho, kisha akatabasamu. "Kwa jina langu, Mama. 'Njoo ule, Kotilingam wangu.'"

Vilio vya wanawake vikakatika. Appayamma akaitoa sigara mdomoni.

Kotilingam alikuwa baba yake Veerraju, na mtoto alirithishwa jina la babu. Wanaume wa nyumba walimwita hivyo mchana kutwa. Lakini mke gani hutaja jina la baba mkwe wake? Mangatayaru hata pale karani wa zahanati alipomwuliza jina la mtoto, alimwomba Appayamma amtajie.

"Njia ya mwongo fupi!" Appayamma akajipiga gotini kwa kicheko. "Veerraju, umemfundisha kovu, umesahau kumfundisha adabu za ukwe!"

"Alikuwa mdogo! Amesahau!"

"Mimi sijasahau!" Mangatayaru akaipokonya karatasi na kuirarua, akairarua tena. Kijana alikuwa ameshaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. "Mlitaka sinema, si ndiyo? Haya, tazameni! Siku ile ngazini mtoni mkono wake uliniponyoka. Nikaita kwa jina la kudekeza, 'Bujji! Bujji!' Nyinyi nyote watoto wenu mnawaita Bujji. Waligeuka watoto mia! Wangu angejuaje kwamba ni yeye ninayemwita?"

Akamgeukia shemeji yake.

"Nawe, Veerraju, ulikuwa umesimama ubavuni mwangu. Jina lilinijaa mdomoni. Nikaona haya kulitaja jina la baba yako mbele yako. Haya! Kwa ajili yako wewe, mwizi mkubwa!"

Veerraju akatazama chini.

Mangatayaru akawapita wote, mchi ungali mkononi, akasimama barabarani. Wanawake waliona anachotaka kufanya wakajifunika midomo kwa pindo za sari zao.

"Kotilingam!"

Sauti ilikwaruza, kwa kuwa jina hilo halikuwahi kupita pale. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, "Kotilingam!"

Barabara ilikuwa tupu, isipokuwa yule kijana aliyekuwa anakimbilia kituo cha basi, kandambili mkononi. Hakugeuka.