Fungu Lisilo na Kilemba

Mama Ebube aliyazunguka mafungu mara ya kwanza, akayazunguka mara ya pili, na bado hakuinama. Jua la mji wetu wa Aba lilikuwa limeshatupanda utosini. Nyama ilikuwa imelala juu ya majani ya migomba, mafungu kumi na matano, na nyuma yake wanawake wa mtaa wetu wamesimama, kila mmoja na beseni lake. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gogo, damu hadi viwikoni, kisu mapajani, nikimwomba Mungu mwanamke yule achague tu yaishe.

Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, na mkubwa huchagua kwanza. Aliyegawa huchukua la mwisho, lile ambalo wenzake wote wamelikataa. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yetu, na haikuwa na huruma. Ukigawa vibaya, ubaya unakwenda kuula mwenyewe na watu wako.

Mwaka ule tuliamua kubana matumizi ya Krismasi kwelikweli. Kuchanga tulikuwa tumeshazoea. Kila Jumapili tangu Pasaka tuliweka kidogo kidogo, mwezi wa kumi tukanunua ng'ombe kabla wauzaji hawajaingiwa na wazimu wa sikukuu. Desemba, wenzetu wa mitaa mingine wakilia na bei sokoni, ng'ombe wetu alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba ya Mama Ebube, anatafuna maganda ya ndizi na ya viazi vikuu, ananenepa bure. Jamani, tulitembea vifua mbele! Lakini faida yote ilikuwa inatokea mlango wa nyuma, na mlango wenyewe ulikuwa unaitwa Ozoemena.

Ozoemena ndiye aliyewachinjia na kuwagawia wenzangu miaka yote, kabla mimi sijaja. Alilipwa ujira wake, sawa. Kisha alichukua shingo, ati ni haki ya kisu. Akachukua ngozi, ati ni haki ya shoka, na ngozi ikibabuliwa vizuri ni kitoweo cha siku tatu. Nundu hawakuwahi kujua ni haki ya nini, ilikuwa inapotea tu. Ndoo yake alikuja nayo tupu, na akiondoka nayo alitembea upande upande.

"Mwaka huu atuchinjie, atuchunie, aende zake," Mama Ebube alisema kikaoni. "Kugawa tutagawa wenyewe. Nani anaweza?"

Hakuna aliyejitokeza. Mimi nilikuwa mgeni pale, sijamaliza hata mwaka tangu niolewe, sina mtoto wa kuitiwa jina lake, wote wakiniita "mke wetu". Sijui nini kilinipanda. Nikasema baba yangu alikuwa muuza nyama kule Nsukka, na nilimshikia beseni tangu nikiwa mdogo.

"Kushika beseni na kushika kisu ni mamoja?" Mama Ebube akaniuliza.

"Si mamoja, Mama. Lakini mikono ikishika beseni, macho hayana kazi nyingine."

Wakacheka sana, na kazi ikawa yangu.

Nyumbani, mume wangu Okwudili alijishika kichwa. "Ugoada! Watasema nimeoa bucha!" Haikuwa aibu peke yake iliyomsumbua. Kiwandani kwao walikuwa hawajalipwa kwa miezi, na mama yake alikuwa anakuja kutoka kijijini kula Krismasi kwetu kwa mara ya kwanza tangu harusi. Kila tulichokuwa nacho kilikuwa ndani ya ng'ombe yule. "Ukiharibu," akaniambia, "mama yangu atakula wali mtupu nyumbani kwa mwanawe."

Siku yenyewe ilipofika, Ozoemena alichinja, akachuna, akalipwa. Badala ya kwenda zake akavuta kigoda, akaketi.

"Nasubiri mniite," akasema. "Wanawake mkigawana nyama, Krismasi hii mtakula ngumi."

Maneno yale yalinichoma. Nikataka kumwonyesha. Nikaanza na mapaja, nyama laini kabisa, nikaikata kwa mbwembwe, nikavipanga vipande mpaka wenzangu wakaanza kunishangilia. Kumbe nilikuwa najichimbia shimo. Nilipofika kwenye mbavu na magoti, nyama nzuri ilikuwa imekwisha, na mifupa ikaangukia upande mmoja. Mafungu mengine yamenona, mengine ni mifupa mitupu iliyofunikwa kwa aibu. Minong'ono ikaanza. Ozoemena akanyoosha miguu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba nyuma ya meza yake. Baba alikuwa anaanza na mifupa. Kila fungu lilipata mfupa wake kwanza, kisha nyama ikaja juu, nyingi kwenye mfupa mdogo, kidogo kwenye ule uliobeba ya kwake. Nilimwona akifanya hivyo utoto wangu wote, nikasahau kwa sababu ya mwanamume mmoja aliyekaa kwenye kigoda.

Nikasimama, nikayabomoa mafungu yote.

"We mke wetu! Umepagawa?" Mama Ebube alipiga kelele.

"Naanza upya, Mama."

"Kwa jua hili? Nyama ikiharibika je?"

"Basi nipeni maji ya kunywa, na mtu anifukuzie nzi."

Mama Ebube akasonya. Kisha akakata tawi la mpera, akaja kusimama karibu yangu, akawafukuza nzi yeye mwenyewe, huku ananuna.

Nikaanza na mifupa. Nikaja kwenye nyama, kwenye maini, kwenye utumbo, kwenye ngozi tuliyoibabua kwa mikono yetu. Nundu nikaikata vipande vyembamba, na kila fungu likavikwa chake juu kabisa. Sikumtazama mtu mpaka nilipomaliza.

Ndipo Mama Ebube alipoanza kuzunguka. Sokoni alikuwa na uwezo wa kumsimamisha mtu nusu saa kwa ajili ya nyanya. Alipomaliza duara la tatu aliinua uso.

"Sioni lililo kubwa," akasema, na alisema kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa.

"Si uchukue lolote, Mama?" mmoja akamwambia.

"Lolote vipi? Mimi ndiye nachagua kwanza! Haki yangu iko wapi?" Kisha kicheko kikamshinda, mwili mzima ukatikisika. Akavua kilemba chake cha njano, akakikunja, akayapa mafungu mgongo na kukirusha juu ya bega. "Kinapoangukia, hapo hapo!"

Wenzake wakafuata. Wote, mmoja baada ya mwingine, wakageuka na kurusha vilemba, wakipiga vigelegele, hata vizee wenye migongo mibovu. Mwisho likabaki fungu moja lisilo na kilemba. Nikaliendea. Mifupa yake, nyama yake, ngozi yake, nundu yake juu. Nililia pale pale mbele za watu, na wala sikuona haya.

Ozoemena aliinua ndoo yake tupu. "Baba yako anaitwa nani?" akaniuliza. Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akaondoka, na siku ile alitembea wima.

Nimegawa ng'ombe wengi tangu hapo. Siku hizi wanangu wananiletea nyama ya Krismasi imeshakatwa, imefungwa kwenye plastiki, na bei yake nisiseme. Nashukuru, napika. Lakini sikukuu ninayoikumbuka ni ile.

Siku ya Krismasi mama mkwe alikula taratibu, mpaka akakuta kipande cha nundu ndani ya mchuzi. Akakiinua kwa vidole, akakigeuza.

"Hii wachinjaji huwa hawaitoi," akasema. "Bucha wenu mwaka huu ni nani?"

Nikainamia sahani yangu. Okwudili akameza tonge, akafuta mdomo, akaketi sawasawa kitini.

"Mke wangu," akasema.

Mama mkwe akakipasua kile kipande katikati, akaniwekea nusu.