Waliomo Kwenye Noti ya Shilingi Kumi

Barua ya kampuni ilisema nyumba za kambi zitabaki za wale tu wanaoweza kuonyesha walichuma chai hapa tangu zamani. Wengine watoke kufikia Ijumaa. Rekodi za ofisi zilikuwa zimeliwa na mchwa, kwa hivyo kila mtu alete ushahidi wake.

Nyanya yangu, Nyamoita, hana makaratasi. Ana noti moja ya shilingi kumi, ya wakati wa rais wa kwanza. Nyuma yake wanawake wanachuma chai. Aliitoa ndani ya Biblia tukaenda kupiga foleni.

"Hapa ni kwetu, shamba namba sita, karibu na mto," akamwonyesha karani, Calvince.

Calvince akaiinua kwa jua kama mwenye duka. "Mathe, hii haitumiki siku hizi."

"Sikuja kununua kitu."

Watu wakacheka, lakini wakasikia. Mosoti wa duka akaomba kuipiga picha na simu. Kufika saa sita alikuwa anauza kopi, hamsini hamsini, za rangi mia. Calvince naye akaona kazi imerahisishwa. Akatuweka kando kidogo, akaongeza swali kwa fomu: Je, uko kwenye noti?

Wa kwanza alikuwa Mongina, ambaye hata miaka arobaini hajafika.

"Uko wapi hapa?"

"Ndani ya kikapu. Mama alinifunika na majani, jua lilikuwa kali."

Calvince akaangalia kikapu vizuri, akatia alama. Fomu haikuwa na mahali pa mwaka wa kuzaliwa.

Mimi nilikaa kwa jiwe nikihesabu. Kufika saa kumi, wanawake arobaini na watatu walikuwa wameingia kwenye ile noti, na wanaume wawili. Kwa watu hao wote, ingefaa noti ya ukubwa wa shuka.

Tukaitwa.

"Haya mathe, wewe ni yupi?"

"Simo."

Nikamkanyaga mguu. "Nyanya, sema ni huyu wa pili!"

"Huyo ni Nyabate. Alishakufa. Nimwibie mgongo wake?" Akamgeukia Calvince. "Siku wapiga picha walikuja, nyapara alinitoa kwa mstari. Nguo yangu ilikuwa imeraruka. Nilisimama hapa." Akaweka kidole juu ya meza, karibu na ukingo wa noti.

Calvince akajikuna kichwa na kalamu. "Hiyo ni meza, mathe."

"Ndiyo hapo."

"Fomu inauliza noti." Akaandika La, pole pole, kwa mwandiko mzuri.

Ijumaa asubuhi tulitoa vitu nje. Nyumba yetu alipewa Mongina. Alifika na kitanda na watoto watatu, akashindwa kufunga mlango. Akausukuma, akaupiga teke, akatuangalia.

Nyanya akaweka ndoo chini, akarudi.

"Uinue kwanza," akamwambia. "Hapa chini, kwa goti. Halafu vuta."

Mongina akainua. Mlango ukafungika, sisi tukiwa nje.