Risala ya Binti wa Dalali

Mimi nikisema najua kuandika, watu wa Mwanza wanacheka: "Nshomile huyo, ameshaanza!" Sawa, naitwa Prudencia, ni Mhaya, niko mwaka wa tatu chuoni nasomea ualimu, na kama nshomile ni msomi wa Kihaya anayejisifu, sijakanusha. Lakini kila Jumamosi naacha nguo zangu kwenye beseni naenda kuwafundisha uandishi wanafunzi wa kidato cha nne wa shule moja ya kata pale Kirumba. Bure kabisa. Kwa hiyo haki ya kujisifu kidogo ninayo.

Mahafali yalipokaribia wakaniletea risala yao niipitie. Jamani! Ilikuwa ile ile ya mwaka jana, na nadhani ya mwaka juzi pia: kwa heshima na taadhima, mafanikio, changamoto, maombi. Wameomba tangi la maji, na tangi liko pale nyuma ya ofisi, limeandikwa jina la aliyelitoa.

"Na mgeni rasmi wa mwaka huu ni nani?" nikauliza.

Wakatazamana. Alikuwa yeye yule aliyetoa tangi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikapandwa na hasira.

"Futeni yote! Kila mtu aandike jambo moja analolitaka kweli, kama anamwambia mtu anayemjua."

Msomaji aliyechaguliwa alikuwa Sihaba, kwa sababu ya sauti. Baba yake, Mzee Rahim, ni dalali wa dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, na binti kairithi sauti ya mnadani nzima nzima. Siku hiyo alinipa karatasi yake bila kunitazama. Aliandika kwamba akichaguliwa kidato cha tano anataka kwenda, lakini baba ameshaamua. Koo lake limechoka, daktari kamkataza kupiga kelele, na hana mtu mwingine wa kumnadia mali. Mtihani ukiisha, Sihaba anaingia mnadani. "Simlaumu," aliandika. "Ila nikianza kunadi sitaacha tena, maana kazi ile naipenda."

 Sentensi kama hiyo hata mimi na unshomile wangu nisingeiandika.

Nikamfuata mzee mwenyewe Mwaloni, nikamkuta katikati ya magunia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwalimu," akajibu kwa sauti ya kukwaruza. Akanivutia kigoda, akaniagizia chai. Nilieleza yote, na nikieleza jambo mimi sifupishi. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa upole, "Mwalimu, nimekuelewa. Lakini mtoto ni wangu, na koo ni langu."

Nikamaliza chai nikaondoka. 

Basi tukaiweka aya ya Sihaba ndani ya risala. Sasa pale shuleni risala haisomwi mpaka mkuu wa shule aipitie, na mkuu ni Mwalimu Byabato, Mhaya mwenzangu, ole wangu. Aliikata aya yote kwa kalamu nyekundu. "Prudencia, mambo ya nyumbani hayapelekwi kwa mgeni rasmi." Nilichemka, lakini shule ni yake, nikakubali. Sihaba aliichukua tu karatasi yake.

Siku ya mahafali turubai lilijaa mpaka watu wengine wakasimama juani. Sihaba akaanza kusoma. Mafanikio, watu wakapiga makofi. Changamoto, mgeni rasmi akachungulia simu yake. Alipofika kwenye maombi akaikunja karatasi. Nikajisemea, Mungu wangu, huyu mtoto anafanya nini?

"Wazazi! Mnada!"

Kipaza sauti cha nini? Kina mama wa Mwaloni waliokuja na mashada ya maua wakaangua kicheko, maana mwito huo wanaujua.

"Nina miaka miwili hapa! Kidato cha tano na cha sita! Mali safi, haina mchanga! Anayechukua ananipeleka shule! Nani ananichukulia?"

"Nakupa kuku!" mama mmoja akapaza.

"Na mimi sare!" akadakia mwingine.

Mwalimu Byabato akanigeukia kwa macho makali. Mimi nikajifanya nakagua turubai kama limefungwa vizuri.

"Kuku nimesikia, sare nimesikia, asanteni mama zangu," Sihaba akasema, na sasa hakuwa anatania. "Lakini mali hii anaweza kuichukua mtu mmoja tu. Baba, najua koo linakuuma. Likizo zote nitakunadia, wallahi. Hii miaka miwili tu naiomba kwako. Mara ya kwanza!"

Kicheko kikakatika. Mzee Rahim alikaa katikati ya wazazi wenzake, kanzu imenyooshwa, mikono magotini. Hakuinua kichwa.

"Mara ya pili!"

Nilikuwa nimemshika mkono mama nisiyemjua, nikambana mpaka akalalamika, "Taratibu, binti, utanivunja." Sikumwachia. Nilikuwa naogopa kuliko siku ya mtihani wangu mwenyewe.

Sihaba akafungua mdomo kwa ile ya tatu, sauti ikagoma. Akajaribu tena, haikutoka. Akabaki amesimama pale mbele ya mgeni rasmi na umati wote, machozi yanamchuruzika.

Mzee Rahim akainuka. Akanyoosha mkono juu kama wanunuzi wake wanavyofanya, akavuta pumzi, na kwa koo lile alilokatazwa akapaza mwenyewe. Sauti ilikwaruza, ikapasuka katikati, lakini hata waliokuwa barabarani waliisikia:

"Mara ya tatu! Imekwenda! Nimechukua mimi!"