Vidole Vinne Kando ya Moyo

Gari la Garth Lindqvist, likivuta trela la mizigo, lilikuwa limeshapita kanisa la Walutheri na maghala ya mahindi, likielekea barabara kuu, liliposimama mbele ya duka la Orrin Vlasek. Garth hakuzima injini. Mkewe, Janelle, alibaki ndani ya gari amepakata chungu cha maua, kwa sababu nyuma hapakuwa tena na nafasi hata ya kijiko. Juu ya mizigo, meza ya jikoni ilikuwa imelala chali, miguu juu. Kila mtu mjini alijua kwamba wanahama, na asubuhi hiyo kila mtu alikuwa na kashughuli fulani nyuma ya nyumba yake.

Orrin alikuwa mezani akisafisha bunduki ya kuwindia bata. Ndiye fundi bunduki pekee katika pande zile za Nebraska. Mwingine utampata kwa mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na huyo ni mlevi. Kifuani mwa Orrin, vidole vinne kando ya moyo, upande wa kwapa, palikuwa na doa jekundu la mwanga, dogo kama punje ya mtama, lisilotoka popote. Lilikuwa hapo tangu wiki iliyofuata maonyesho ya kilimo. Akipumua, nalo linapanda na kushuka.

"Bado unalo," Garth alisema.

"Bado."

"Janelle anakusalimia."

Janelle alikuwa hajamsalimia mtu kwa wiki tatu.

Mambo yalianza Aprili, pale Sherifu Hofstra aliporudi kutoka mkutano wa masherifu na katoni ya vioo vya kulengea. Kioo cha namna hiyo hukaa juu ya bastola. Ukichungulia unaona doa jekundu. Unaliweka doa pale unapotaka risasi iende, basi, umemaliza. Lakini kioo hakikai hivi hivi juu ya chuma. Kinataka bamba katikati, bamba jembamba lenye matundu na vijino vya kukishika kisicheze, na kila aina ya kioo ina bamba lake. Orrin alimwandikia sherifu jina la bamba kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Bastola za kaunti zilikuwa kumi na moja. Mabamba yakaja kumi ya aina ile, na moja la aina nyingine.

Hilo moja lingeweza kurudishwa. Lakini ilikuwa Alhamisi, na Ijumaa askari wote walikuwa na mtihani wa shabaha. Orrin akachukua tupa, akapunguza vijino mpaka kioo kikalala. Kisha akatia skrubu zilizokuja ndani ya pakiti, huku akijua kwamba ni ndefu mno. Skrubu ndefu hupenya bamba, ncha yake ikagota kwenye chuma cha bastola kabla kichwa hakijakibana kioo. Mkononi unaona imekaza. Hata spana ya kupimia mkazo ikalia tak, kama inavyolia siku zote. Dawa yake ni kuikata skrubu urefu wa mizunguko miwili na kuisawazisha ncha kwa tupa, kazi ya dakika kumi. Lakini Alhamisi ndiyo siku ya ligi ya mchezo wa kuangusha pini kwa tufe, na Orrin alikuwa nahodha.

Akatia gundi. Juu ya kila skrubu akachora mstari mmoja kwa kalamu ya rangi ya njano, kuanzia kichwani mwa skrubu mpaka kwenye mwili wa kioo, ili siku skrubu ikizunguka, mstari ukatike na mtu aone. Hiyo ndiyo kazi ya mstari, haina nyingine. Akazima taa. Timu yake ilishinda.

Bastola hiyo akapewa Garth, askari mdogo kuliko wote pale ofisini. Ijumaa alipata alama za juu kuliko wote.

Katika maonyesho ya Agosti, fahali mwekundu wa Emmett Dvorak alivunja geti na kuwaingia watu. Garth alisimama mbele yake. Alingoja mpaka zikabaki hatua saba, akaliweka doa katikati ya macho, akavuta. Risasi ilipita vidole vinne pembeni. Ilichukua sikio, ikaendelea na safari yake, ikampata kwenye nyonga Bi Arlys Kucera, aliyekuwa amesimama nyuma ya meza ya pai. Fahali, baada ya kupungukiwa sikio, alitulia. Alikula pai mbili za cheri, akamfuata Emmett mpaka zizini bila kamba.

Jumatatu Sherifu Hofstra akaleta bastola dukani ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa lakiri.

"Niangalizie, Orrin," alisema. "Nataka kujua ni kifaa au ni mtu."

Sherifu akaenda kunywa kahawa. Orrin aliitoa bastola kwenye mfuko, akawasha taa ya mezani. Mstari wa upande mmoja ulikuwa umenyooka. Wa upande wa pili ulikuwa umekatika: nusu imebaki kwenye kioo, nusu imeondoka na skrubu, kama mshale wa saa uliotoka kwenye kumi na mbili ukafika kwenye mbili. Alikisukuma kioo kwa kidole gumba, kikacheza.

Akageuza kibao cha mlangoni kisomeke IMEFUNGWA. Alichukua pamba na spiriti, akafuta rangi yote. Akafungua skrubu, akazikata mizunguko miwili, akazisawazisha, akatia gundi, akakaza. Safari hii kioo kilikaa kama kimezaliwa pale. Mwisho akachora mistari miwili ya njano iliyonyooka. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na ilichukua dakika kumi. Kwenye fomu akaandika: skrubu hazijasogea.

"Kwa hiyo ni mtu," alisema sherifu aliporudi.

"Ni mtu," alisema Orrin.

Asubuhi ya Jumanne doa lilikuwa kwenye nguo yake ya kulalia. Lavonne, mkewe, alilisugua kwa sabuni, kisha kwa siki.

"Hili halitoki," alisema. "Vaa shati jeusi."

Kwenye shati jeusi lilionekana zaidi. Paka wao, aliyekuwa mvivu wa kutupwa, aliacha kulala mchana. Alikaa mapajani mwa Orrin akilirukia lile doa, na jioni Lavonne alikuwa anapaka dawa mikwaruzo. Hakuuliza kitu. Wameoana miaka thelathini na minane, na ile Jumatatu aliona rangi ya njano kwenye kucha zake.

Ijumaa Orrin alikwenda mgahawani, kama kila Ijumaa, kula maharage ya pilipili na mkate wa mdalasini. Twyla, mhudumu, alimwekea sahani.

"Mzee Orrin, kaa upande ule, bwana. Doa lako linampiga Emmett machoni."

"Aliyekulenga hajui kulenga," mtu mmoja alisema kutoka meza ya pembeni. "Moyo hauko huko, mjomba!"

Watu wakacheka. Emmett Dvorak hakucheka. Alikuwa akilitazama doa kwa makini, kama anavyotazama ng'ombe wa kununua.

"Kulenga anajua," Emmett alisema. "Hilo ni bamba. Bamba limecheza."

Kicheko kikakatika. Kila mwanamume mle ndani alikuwa na bastola nyumbani, na wengi walikuwa wameiona tayari ile hesabu: vidole vinne kwa fahali, vidole vinne kwa Orrin. Waliinamia mabakuli yao. Twyla alizunguka akiongeza kahawa hata kwenye vikombe vilivyojaa. Wote walimpenda Garth, lakini kioo cha bunduki ya Emmett kilikuwa dukani kwa Orrin, na msimu wa kuwinda paa ulikuwa unakaribia.

Orrin alikwenda kwa sherifu Jumatatu iliyofuata, kofia mkononi.

"Nimekuja kuhusu ile fomu," alisema.

"Mimi nina macho, Orrin. Nililiona kanisani, wakati wa wimbo wa pili."

"Basi ibadilishe."

"Imeshafika Lincoln, makao makuu ya jimbo. Umetia saini wewe, nimetia saini mimi. Na yale mabamba niliyapokea mimi, sikuyafungua hata kuyaangalia. Novemba ni uchaguzi." Sherifu alishusha sauti, akawa kama anamfariji mgonjwa. "Garth ni kijana. Kijana anaanza upya. Wewe na mimi tunaanzia wapi? Nenda nyumbani. Funga koti."

Orrin alifunga koti. Doa likahamia juu ya koti. Alitembea hivyo mpaka nyumbani, akijua kwamba kama angesema tena, kwa sauti, pale mlangoni, kusingekuwa na mtu wa kumzuia. Wiki hiyo hiyo Garth akavuliwa beji.

Ndiyo maana sasa gari lilikuwa linanguruma nje, na trela nyuma yake.

"Sitakuchelewesha," Garth alisema. "Kuna sherifu mmoja kule Kansas yuko tayari kunichukua. Anataka karatasi tu. Fundi aandike kwamba kioo kilikuwa kimelegea. Mistari miwili inatosha, mzee. Mimi sitaki kumshitaki mtu."

Aliweka karatasi nyeupe mezani. Orrin akatafuta kalamu. Mbele yake kulikuwa na kalamu moja tu, ile ya rangi ya njano. Akaishika, akaitikisa, ile gololi ya ndani ikalia. Doa lilikuwa limetua kwenye ukingo wa karatasi, kwa jinsi alivyoinama.

Nje Janelle alipiga honi, mara moja, kwa adabu.

"Ilikuwa imenyooka, Garth," Orrin alisema. "Mistari."

 Garth akanyoosha mkono juu ya meza, akamwekea Orrin vidole vinne kifuani, kuanzia moyoni. Kidole cha mwisho kiliishia penye doa.

"Mimi nililenga katikati ya macho," alisema.

"Najua."

"Haya. Umsalimie Mama Lavonne."

Akatoka. Aliiacha karatasi mezani, na Orrin alisikia gia, kisha trela, kisha upepo.

Garth hakupata ile kazi ya Kansas. Anapima uzito wa malori ya ngano kwenye ghala moja huko, na wanasema hajawahi kukosea kilo. Janelle alirudi kufundisha. Yale maua yalikufa njiani. Bi Arlys Kucera anatembea na mkongojo na bado anauza pai, ila sasa amekaa. Anaamini ni kosa la Garth na amemsamehe, humtumia kadi kila Krismasi. Fahali ana sikio moja na ndama wengi, wote wana masikio mawili. Sherifu Hofstra alishinda uchaguzi na ule uliofuata.

Orrin bado ana doa. Ile karatasi aliiandika mwezi wa Januari, yote, kuanzia tupa mpaka spiriti, na imo kwenye droo ya skrubu fupi. Kazi haijapungua, kwa kuwa fundi mwingine bado mlevi. Wateja humletea bastola zao, humtazama akichagua bamba, akikata skrubu, akikaza. Akimaliza, anarudi nyuma hatua moja bila kuambiwa. Siku hizi kila mteja huja na kalamu yake ya rangi mfukoni, na mistari huichora mwenyewe. Orrin humshikia taa.