Saa Moja hadi Nairobi

Amran alikuwa akipika mikate ya anjera aliposikia ndege ya serikali ikitua nyuma ya kambi ya Garissa. Akaongeza maji kwenye birika, maana mumewe Rage angerudi nayo. Asubuhi askari walikuwa wamempeleka Nairobi kuulizwa kama aliwapa ngamia waasi wa shifta.

Rage aliingia akishikilia ukuta. Alikuwa ameondoka kijana. Sasa ndevu zilikuwa nyeupe na meno ya mbele hayapo.

"Nimekawia?"

"Hapana. Hata Alasiri haijaadhiniwa."

Huko Nairobi, alisema, walimwuliza swali moja, akajibu, wakamrudisha. Urefu ulikuwa njiani. Askari aliyeketi mbele yake aliwasha sigara walipouvuka mto Tana wakirudi, na walipotua ilikuwa bado inawaka. Katikati hapo Rage alikuwa ameota mvi na kusahau sauti ya mama yake.

Majirani walikuja kumjulia hali, wakanywa chai, wakaondoka. Kabla ya Rage, jirani yao Mzee Barre alikuwa amerudishwa mifupa ndani ya kikoi chake, na rubani akaapa kwamba safari ilichukua saa moja kama kawaida. Rubani hakusema uongo.

Kesho yake ofisa alisimama mlangoni. Sasa alimtaka Amran.

"Saa moja kwenda, saa moja kurudi, mama. Jioni utalala kwako."

Amran alikuwa akimnyonyesha bintiye, Lul.

"Mwache mtoto kwangu," Rage akasema.

"Nikimwacha, nitarudi bikizee naye bado ananyonya. Maziwa nitayatoa wapi?"

Amran akamfunga mtoto mgongoni, akaenda.

Jioni Rage alikwenda uwanjani na kikombe cha maziwa ya mbuzi. Wanawake wawili walishuka. Mmoja alikuwa ajuza aliyepinda mgongo. Aliyemshika mkono alikuwa mrefu, na paji la uso lilikuwa la Rage mwenyewe. Alikuwa amejifunza kutembea kati ya viti vya ndege. Aliinama, akachota mchanga, akaunusa.

"Hooyo, hapa ndipo?"

"Ndipo. Yule ni aabo yako."

Rage alimpa kikombe. Lul akanywa maziwa yote amesimama, akajifuta mdomo, akamtazama mzee huyo kwa haya.

Getini ofisa alinyoosha mkono. "Kipande cha utambulisho."

"Hana," Amran akasema. "Asubuhi alitoka hapa mgongoni mwangu. Wewe mwenyewe ulimwona."

"Nilimwona, mama. Lakini sasa ni mtu mzima, na mtu mzima asiye na kipande tunamhesabu shifta. Kesho atakwenda Nairobi akajieleze."

Amran akamvuta Lul karibu naye. Ofisa alidhani ameogopa urefu wa safari, akalainisha sauti.

"Si mbali," akasema.

Wakaelekea nyumbani polepole, wazee wawili wakimshika Lul huku na huku, kwa sababu hakuwa amezoea ardhi isiyotikisika.