Matofali ya Kichuguu

Shemeji yangu Ndaki alinipa muda hadi mvua za kwanza. Alikuja Kishapu mwezi wa sita kutoka kwake Runzewe, akaikuta nyumba yetu imelala chini kwa mvua zilizopita, mimi na wanangu watatu tumebanana kwenye kibanda cha jiko. Marehemu mume wangu, Mabula, alikuwa mdogo wake. Alifukiwa na duara, shimo la dhahabu, huko Geita, na tangu siku ile Ndaki alijiona ndiye baba wa watoto wangu. Akasema mvua zikikuta hakuna nyumba, anawachukua wote. Mwanamke peke yake hajengi, alisema, na aliyasema hayo huku akinywa uji wangu.

Alipoondoka niliwaita watoto nikawaeleza mambo yalivyo, bila kuwaficha lolote. Hosiana ana miaka kumi na mitatu, Luka kumi na mmoja, Nelly saba. Niliwaambia tutajenga wenyewe, chumba kimoja na sebule, baada ya masomo na kila Jumamosi. Luka aliuliza fundi ni nani. Nikamwambia aangalie mikono yake.

Sasa hapa nikiri ujinga wangu. Mimi ni mzaliwa wa Geita. Kwetu udongo ni mwekundu, ukichimba popote unapata tofali. Basi nikawaongoza wanangu mbugani, kwenye udongo mweusi, kwa sababu uko karibu na unanata vizuri. Tulifyatua matofali mia nne, mimi nikijivuna na kuwaelekeza kama niliyezaliwa nayo kazi hiyo. Wiki haikuisha, jua likayapasua yote, nyufa za kuingiza kidole. Kishapu nzima inajua kwamba udongo ule hupasuka, isipokuwa mimi, niliyelima pamba juu yake miaka kumi na minne. Jirani yangu Mariana alicheka mpaka akakaa chini.

Iliniuma sana, na nilitamani kulisingizia jua. Lakini ningewafundisha nini? Niliwaambia kwamba mama yao amekosea, kazi ya wiki tatu imepotea, na tunaanza upya. Hosiana ndiye aliyekumbuka kwamba bibi yao, mama wa Mabula, alisiliba ghala lake kwa udongo wa kichuguu na halijapasuka hata leo. Jumamosi hiyo hiyo tulikivamia kichuguu kilicho nyuma ya shamba, kwa majembe na ndoo. Safari hii nilikuwa na adabu, tukafyatua matofali mawili tu ya majaribio. Yalipokauka, Nelly alipanda juu yake akarukaruka, na hayakumeguka; ndipo tukafyatua ya nyumba nzima.

Kuni za kuyachomea nazo zilikuwa shughuli. Bwana shamba alikuwa ametangaza, kama kila mwaka, kwamba miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa ing'olewe na kuchomwa. Watoto walipita nyumba kwa nyumba wakiomba kuwang'olea watu miti yao bure, mradi waondoke nayo. Hakuna aliyekataa. Kwa mizigo ile na magogo machache ya mgunga tulichoma tanuru letu likaiva.

Maneno hayakuchelewa. Mariana, yule aliyecheka, sasa alikuja kunisihi niache kuwatesa yatima. Nikamwambia shule hawajakosa hata siku moja, na kwamba yatima asiyejua kujenga atalala pale watu watakapomlaza. Alinuna mwezi mzima, na mimi nikamwacha anune.

Siku moja Luka alipandisha ukuta ukapinda. Ningeweza kuunyoosha mwenyewe kabla hajagundua. Badala yake nilitundika timazi letu, jiwe kwenye uzi, akaona kwa macho yake, nikamwacha abomoe safu nne za matofali kwa mikono yake mwenyewe. Alilia. Nami nililia upande wa pili wa ukuta, asinione. Kisha akachanganya udongo akaanza tena, na alipolitundika tena timazi ukuta ulikuwa wima.

Mabati ya nyumba ya zamani tuliyanyoosha kwa nyundo, moja baada ya jingine. Tulimaliza kuezeka mwezi wa kumi na moja, siku tano kabla ya mvua.

Ndaki alifika siku ya pili ya mvua, na pikapu ya kubebea watoto wangu. Aliizunguka nyumba. Akakagua kona. Akausukuma ukuta kwa bega, mtu mzima na kitambi chake, ukuta ukakaa. Akauliza fundi ametoka wapi, na Luka akamweleza kila kitu, mpaka aibu ya udongo mweusi. Nilidhani yamekwisha.

Kumbe alikuwa anapiga hesabu nyingine. Alikaa kwenye kigoda akasema anajenga vyumba vya kupangisha huko Runzewe, na watoto wenye mikono kama hii ni mali ya ukoo. Angewachukua Hosiana na Luka. Nelly angeweza kubaki kunifariji. Mwezi wa sita aliwataka kwa kuwa hawana nyumba. Sasa aliwataka kwa kuwa wanajua kuijenga.

Niliinuka kwa hasira. Kabla sijapata neno, Hosiana alikuwa amekwisha kupiga goti mbele yake, kwa heshima zote za mtoto wa Kisukuma.

"Baba mkubwa," alisema, "ulisema mvua zikikuta hakuna nyumba. Zimetukuta ndani."

Ndaki akakohoa. Akasema mtoto haelewi mambo ya ukoo.

"Vichuguu hata Runzewe vipo," Hosiana akaendelea, macho chini, sauti yake imetulia. "Ukitaka mafundi, walete wanao likizo. Tutawafundisha."

Ndaki alinigeukia, akingoja nimkemee mwanangu. Nilimwambia fundi ameshasema. Pikapu iliondoka na matope yake, nyuma hakuna mtu.